Komwe Iliyobaki

Mashahidi watatu walikuwa wamesema jambo moja kwa maneno yale yale, na Sajini Mulama hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Alasiri ile mzee Idarusi alipouawa dukani kwake Mbotela, walisema, Zubeiri mwenye kiwanda cha mbao alikuwa nyumbani kwake Umoja, ameketi mkekani na wenzake wakimsomea marehemu mama yake tahalili, mpaka adhana ya magharibi. Mfuko wa komwe za kuhesabia uliazimwa. Komwe zikagawanywa sawa kwa sawa, haikubaki hata moja. Wakasoma, wakala pilau, wakaagana. Hata nyama ya pilau waliikumbuka: ya mbuzi.

Walipotofautiana ni mahali pamoja tu. Faki, seremala wa Zubeiri, alisema walikuwa wanane. Wa pili alisema tisa. Wa tatu alisema saba.

"Na wewe unanisumbua kwa hilo?" Inspekta Ochola alikuwa amemwuliza asubuhi ile, akijipepea kwa faili. "Nani anahesabu watu kwenye dua? Mmoja anatoka kwenda msalani, mwingine anaingia. Kesho asubuhi Wasike anakwenda kortini, kesi ya mauaji. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

Alikuwa ameelewa. Wasike alikuwa hamali wa mkokoteni. Alipeleka magunia ya sukari dukani, akamkuta mzee amelala chini kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la mizani, akamwinua kifuani kwake, akapiga mayowe. Polisi walipofika waliona shati lenye damu na mtu asiye na mtu wa kumtetea. Kesi ikaisha hapo. Unga wa mbao uliokuwa kwenye kaunta ya duka linalouza sukari na mafuta ya taa, hakuna aliyeuandika. Kwamba kiwanja cha duka lile wakubwa walikuwa wamempa Zubeiri ajenge ghorofa, na kwamba Idarusi alikataa kuhama, hilo nalo halikuandikwa. Mulama ndiye aliyeyaona, na Mulama alikuwa ameishia darasa la nne. Katika kituo kile macho ya mtu yalipimwa kwa vyeti vyake.

Nje ya lango, mke wa Wasike, Khalayi, alikuwa ameketi juu ya jiwe na chupa ya chai iliyokwisha poa.

"Baba, wamekubali anywe?"

"Bado, mama."

"Kesho wakimpeleka huko, atarudi?"

Mulama aliitazama ile chupa. Wanaopelekwa huko kwa kesi kama ile hurudi kwa nadra, na wakirudi hawarudi na meno yao yote. Alivuka barabara akaelekea Mbotela, kwa mwenye mfuko.

*

Bi Lela alikuwa mlangoni pake akichambua mchele. Vyumba vile vya zamani vimebanana, mtu akikohoa kwake jirani humwambia pole. Alikuwa mwanamke mzee wa asili ya Lamu, mjane, na katika mitaa yote ile kukiwa na hitima au tahalili mfuko ulioazimwa ulikuwa wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Polisi tena? Mimi komwe zangu sikuiba."

"Nimekuja kuziona tu."

Aliuleta. Ulikuwa mfuko wa kanga kuukuu, mzito kama mtoto mchanga, na ndani yake mlijaa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo wengine huchezea bao. Mulama alijua habari yake kwa kuishi na watu. Wasomaji huketi duara, kila mtu na fungu lake, na kwa kila komwe anayoisogeza husema mara moja kwamba hapana mungu ila Mungu. Fungu likiisha, amemaliza sehemu yake.

"Nani aliuazima siku ile?"

"Faki. Alikuja adhuhuri, kabla hata ya kusali."

Mulama aliliweka hilo moyoni. Idarusi aliuawa alasiri. Mfuko uliombwa mchana, naye mzee bado anapima sukari.

"Ukarudishwa lini?"

"Asubuhi yake. Nikazihesabu mbele ya Faki. Hauendi haurudi bila kuhesabiwa. Zilitimia."

"Elfu moja?"

Bi Lela alicheka, akaonyesha ufizi. "Watu huuita Elfu. Lakini ni elfu moja na tisa."

"Tisa za nini?"

"Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipofiwa na nduguye, watu walikuja wakagawana komwe elfu, kila mtu fungu lake sawasawa, zikaisha. Yeye mwenye msiba akakaa mikono mitupu. Ilimuuma. Akasema atatafuta hesabu ambayo hata waje watu wangapi, wakigawana sawa, lazima kitu kibaki. Na hicho kinachobaki ni cha mfiwa, amsomee mtu wake kwa mkono wake. Iwe moja, ziwe nyingi, ni zake. Akaanzia elfu, akapanda. Ya kwanza iliyokataa kugawanyika ndiyo hii. Alisema inaitwa namba tasa, haigawiki ila kwa moja, au kwa yenyewe nzima."

"Hata waje wangapi?"

"Mmoja asome peke yake, au waje elfu moja na tisa kila mtu achukue moja. Katikati ya hapo, baba, hapana."

Mulama aliivua kofia yake, akaishika mkononi. Nane. Tisa. Saba. Haikubaki hata moja.

"Na aliyewahi kuusomea mfuko huu anajua kwamba kuna kinachobaki?"

"Atakosaje kujua? Ndiyo desturi yake. Watu hungoja kuona kitabaki nini. Mtoto wa mtu hulia pale anapopewa."

"Naomba niuazime, bibi. Uhesabu mbele ya watu."

Akazihesabu kibarazani, kumi kumi, majirani wawili wakisimama na Khalayi akiwa wa tatu, maana alikuwa amemfuata Mulama nyuma kama kivuli. Elfu moja na tisa.

*

Kwanza alijijaribia mwenyewe, chumba cha nyuma cha kituo, kwenye sakafu. Bi Lela alikuwa amemfundisha njia ya mumewe. Huhitaji kujaribu kila hesabu mpaka elfu. Iliyokataa kwa mbili imekataa kwa nne na sita na nane. Iliyokataa kwa tatu imekataa kwa tisa. Na ukifika thelathini na moja unaacha, kwa sababu thelathini na mbili mara thelathini na mbili imeshaipita hesabu yako. Kama ingegawika, namba ndogo ya kuigawa ungeshaikuta njiani. Mulama alipanga na kupangua mpaka magoti yakamwuma. Tano ikabakisha nne. Kumi na moja ikabakisha nane. Kumi na tatu, nane tena. Kumi na tisa ikabakisha mbili. Thelathini na moja ikabakisha kumi na saba. Hakuna iliyokubali.

Alikuwa na muda wa kufanya kazi kama hiyo. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe alifia kwenye benchi la hospitali, foleni ndefu, daktari amekwenda harusini kwa mkubwa. Tangu hapo Mulama alikuwa mtu wa kazi tu.

Akamwita Faki.

Faki aliingia na unga wa mbao kwenye nyusi, mwembamba, macho yake kwenye mfuko.

"Keti chini, fundi. Nionyeshe mlivyofanya."

"Vipi, afande?"

"Ulisema mlikuwa wanane. Gawa mafungu manane, sawa kwa sawa, kama siku ile."

Faki akacheka kidogo. "Kazi hiyo yote?"

"Una haraka? Wasike hana."

Akagawa. Alikuwa na mikono mizuri ya kazi, akizisukuma kumi kumi. Mafungu manane, kila moja komwe mia moja ishirini na sita. Mkononi mwake ikabaki moja.

Aliitazama. Akaiweka chini polepole, kama kitu cha moto.

"Hiyo je?" Mulama aliuliza.

"Labda tulikuwa tisa. Mwenzangu alisema tisa."

"Gawa tisa."

Akachanganya, akaanza upya. Mia moja kumi na mbili kila fungu. Ikabaki moja.

"Saba basi! Yule mwingine hakusema saba?"

"Alisema. Gawa."

Mia moja arobaini na nne. Jasho lilimchuruzika, likachora mistari kwenye unga wa mbao. Ikabaki moja.

"Huu ni uchawi, afande."

"Ni hesabu. Ukisema kumi zitabaki tisa. Ukisema kumi na mbili itabaki moja. Taja watu wowote, Faki, hata uwalete wafanyakazi wa reli wa Makongeni wote na mabehewa yao. Hakuna kikao kilichowahi kugawana mfuko huu zikaisha. Na kinachobaki hupewa mfiwa. Siku ile mfiwa ni Zubeiri. Alipewa ngapi?"

Faki aliisukuma ile komwe moja kwenye fungu la karibu.

"Alipewa ngapi, fundi?"

"Afande, nina watoto."

"Wasike naye anao. Mfuko ulifunguliwa?"

Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi kwa upanga. Faki aliugeukia ule upanga kana kwamba ndio ulioulizwa.

"Haukufunguliwa," alisema. "Uliwekwa kwenye msumari sebuleni, majirani wauone. Zubeiri alitoka na pikapu baada ya sala. Alirudi akabadilisha shati. Pilau tulikula kweli."

Mulama aliandika, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa. Faki akatia sahihi.

*

Inspekta Ochola alisoma karatasi ile mara moja tu. Akatia mkono mfukoni mwa komwe, akazichezea zikalia.

"Kwa hiyo hii ndiyo inayokataa?"

"Ndiyo, afande. Elfu moja na tisa."

"Na kama zingekuwa elfu moja na nane?"

Mulama alikuwa hajafikiria hilo. "Sijui, afande."

"Mimi nilisoma hesabu mpaka fomu sita, Mulama." Alitabasamu, si kwa ubaya. "Umefanya kazi nzuri. Acha vitu hapa. Kesho kabla ya gari la korti nitamwita Zubeiri tumalize."

Akavifungia kabatini, mfuko na karatasi. Ufunguo ulikuwa mmoja, kwenye mnyororo wa suruali yake.

Sheria ndivyo inavyosema, ushahidi ukae kwa mkubwa. Mtu aliyeitunga sheria hiyo lazima naye alikuwa mkubwa.

*

Asubuhi Zubeiri alikuja na suti ya kijivu na manukato, Faki nyuma yake. Bi Lela alikuwa ameitwa na Mulama, akapewa kiti karibu na mlango. Kupitia dirisha gari la korti lilionekana limeshawashwa, Khalayi amesimama karibu na tairi lake la mbele.

"Sajini anasema nyinyi waongo," Ochola alianza. "Anasema mfuko huu haugawanyiki. Faki, wewe ulisema mlikuwa wanane?"

"Ndiyo, afande." Faki hakumtazama Mulama. "Wanane."

"Jana ulisema mfuko haukufunguliwa!" Mulama alisema.

"Jana nilichoka, afande. Nilisema nilichotakiwa kusema."

"Karatasi yake ipo kabatini."

"Karatasi gani?" Ochola aliuliza, akafungua kabati wazi, kila mtu aone. Palikuwa na mfuko. "Mimi niliachiwa mbegu. Haya, Faki. Gawa."

Komwe zikamwagwa mezani. Mulama alisimama na mikono nyuma, akingoja ile moja. Mafungu manane yakapangwa. Mia moja ishirini na sita, mara nane. Faki akafungua viganja vyake. Vilikuwa vitupu.

"Tisa," Ochola akasema.

Mia moja kumi na mbili kila fungu. Viganja vitupu.

"Saba."

Mia moja arobaini na nne. Hakuna kilichobaki.

"Wote watatu walisema kweli!" Zubeiri aliinua mikono. "Subhanallah. Sajini, unaniandama mimi mfiwa kwa mbegu za bao? Mama yangu anakuonaje huko aliko?"

Mulama aliyatazama mafungu. Halafu akakumbuka swali la jana. Na kama zingekuwa elfu moja na nane? Namba ile iliyokataa watu wote, jirani yake wa chini alikuwa anakubali karibu kila mtu: wawili, watatu, wanne, sita, saba, wanane, tisa, kumi na wawili. Mtu hakuhitaji kuiba mfuko. Alihitaji kutoa komwe moja.

"Bibi," alisema, "zihesabu."

Bi Lela alisogea mezani. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyedhani mwanamke mzee ana la kuharibu. Alihesabu kumi kumi, midomo ikienda. Alipomaliza alirudia tena fungu la mwisho.

"Elfu moja na nane," alisema. "Moja haipo."

"Umekosea hesabu, mama," Ochola alisema.

"Nimezihesabu miaka mingi kuliko uliyovaa kofia hiyo, mwanangu. Jana zilitimia mbele ya watu. Zimelala wapi?"

Zubeiri aliangalia saa yake. Ochola aliliangalia kabati. Mnyororo wa ufunguo ulining'inia pajani pake, unang'aa.

"Tokeni wote," Ochola alisema. "Mulama abaki."

Walipotoka alikaa, akawasha sigara.

"Unataka kufanya nini na hilo?"

"Nitamwomba hakimu aulize swali la bibi. Watu watatu waliziona zikihesabiwa kibarazani. Ufunguo ni mmoja."

"Hakimu nani? Yule tunayekula naye nyama Jumamosi?" Ochola alipuliza moshi. "Lakini aibu ni aibu, na mimi sitaki aibu. Sema unachotaka. Kimoja."

"Nataka Wasike atoke, na Zubeiri aingie."

"Hivyo ni viwili. Ukishika viwili hutatoka na hata kimoja. Wasike atakwenda na gari lile, na wewe utahamishiwa kule ambako hata posho haifiki. Kimoja, Mulama. Gari linangoja."

Mulama alitazama dirishani. Khalayi alikuwa ameweka mkono juu ya boneti, kana kwamba angeweza kulizuia.

Kuna watu husema haki hupimwa kwa mizani. Mzee Idarusi aliuawa kwa jiwe la mizani.

"Wasike," alisema.

Ochola aliandika mistari miwili: ushahidi hautoshi, mshukiwa aachiliwe. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Alipofika mlangoni Mulama aligeuka. "Nirudishie ile komwe, afande. Ni ya bibi."

"Komwe gani?" Ochola alisema.

*

Wasike alitoka akichechemea, jicho moja limefumba. Khalayi alimtazama, akafungua chupa, akammiminia chai baridi kwenye kifuniko, wakaondoka, yeye akimshika kiunoni. Hawakumshukuru Mulama, na Mulama hakungoja shukrani. Alikuwa amempa mtu kilichokuwa chake tangu mwanzo, tena kimevunjwa.

Alimbebea Bi Lela mfuko mpaka Mbotela. Njiani walipita dukani kwa Idarusi. Mlango ulikuwa umepigiliwa mbao mpya, na vibarua walikuwa wakichimba mashimo ya nguzo za ua, nguzo zenyewe zimelala chini, zinanukia msonobari uliotoka kurandwa.

"Utaweka komwe nyingine badala yake?" Mulama aliuliza walipofika kibarazani.

"Niweke ya nini? Iliyotoka haikupotea. Iko kwa mtu."

Bibi alikuwa bado hajaketi Faki alipotokea kwenye kona ya nyumba, kofia mkononi. Alimwona Mulama, akasita, akabaki kule kule mbali.

"Shikamoo, Bi Lela."

"Marahaba."

"Bwana Zubeiri amenituma. Anamsomea mzee Idarusi tahalili leo, nyumbani kwake. Anasema ni jirani wa biashara, na ni wajibu. Anaomba mfuko."

Mulama alipiga hatua kumwendea. Bi Lela alimvuta mkono wa koti, naye akaketi. Kisha bibi aliuchukua mfuko, akaupakata, akaufunga mdomo wake kwa uzi wake mwekundu, fundo juu ya fundo.

"Mwambie bwana wako zimepungua moja," alisema. "Ile ya mfiwa. Akaichukue kwa Inspekta kwanza, waje nayo wote wawili, ndipo nitafungua."